Kesi ni yao, wakili tunamlipa sisi

Ijumaa jioni iliingia kwenye kundi la WhatsApp la tawi letu la chama cha wafanyakazi picha ya amri ya mahakama, imepigwa kando kando, muhuri umekatwa nusu. Uchaguzi wa viongozi umesimamishwa tena. Hali ibaki ilivyo hadi kesi itajwe. Wenzangu wakatuma vikatuni vya kucheka. Mimi sikuona kichekesho, maana hali ikibaki ilivyo, wanaobaki ofisini ni walewale ambao muda wao umeisha.

Watu wakisikia chama kiko mahakamani Milimani, Nairobi, hudhani tunapigania nyongeza ya mshahara. Wapi! Tunabishana nani anaruhusiwa kugombea, nani aliitisha mkutano bila akidi, na katiba ipi ndiyo katiba. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inasema uchaguzi ufanywe kwa katiba iliyosajiliwa. Sawa. Kijitabu nilicho nacho kinataka mgombea awe mwanachama aliyelipa ada, basi. Katiba iliyosomwa siku ya kupitisha majina inataka awe amewahi kushika wadhifa kwenye tawi. Ajabu ya Musa, wenye sifa hiyo ni haohao wanaosoma. Nikamwomba katibu nakala. “Komredi, hiyo ni ya ofisi.”

Lakini kinachonichemsha hasa ni wakili. Mwanachama anayepinga uchafu huu anachanga na wenzake, mia mbili mia tatu kwa M-Pesa, ili afungue kesi. Anayeshtakiwa je? Anajibu kwa jina la chama, na wakili wa chama, kwa fedha za chama. Yaani makato ya mshahara wangu. Kisha hukumu ikitoka, mara nyingi unakuta jaji ameamuru kila upande ujilipie gharama, eti mahusiano ya kazi yasiharibike. Yameshaharibika, Mheshimiwa! Upande mmoja umejilipia kutoka mfukoni, wa pili umelipiwa na watu uliowanyima kura. Aliye ofisini hana sababu ya kuharakisha chochote. Kila kesi ikiahirishwa, anapokea marupurupu ya mwezi mwingine.

Na tukikimbilia mahakamani tunaambiwa tumalize kwanza taratibu za ndani. Za ndani ni kumkatia rufaa mtu kwa kamati aliyoiteua mwenyewe.

Walimu wa KNUT, chama cha walimu, wanaijua hadithi hii. Agosti 2019 kulikuwa na jaribio la kumng’oa katibu mkuu wao, Wilson Sossion, mahakama ikaingia kati, na mvutano haukuisha hadi alipojiuzulu Juni 2021. Wakati huohuo wanachama walikuwa wakihama kwa maelfu. Najua, najua, TSC, tume inayoajiri walimu, ilikuwa na mkono wake humo, msinitukane.

Nakubali, tena shingo upande, kwamba bila Mahakama ya Ajira wengine wangekaa hadi wazikwe na kiti. Na kifungu cha 41 cha Katiba kinakipa chama haki ya kujiendeshea mambo yake, sitaki serikali ituchagulie viongozi.

Ninachotaka ni kidogo. Kiongozi akizuia uchaguzi na ibainike hakuwa na haki, ada ya wakili itoke mfukoni mwake, irudi kwenye akaunti ya tawi, na risiti ibandikwe ukutani pale karibu na mashine ya kuwekea saini asubuhi.