Nani alizichonga moai? Hoja ya Amerika mbele ya ushahidi wa machimbo

Kisiwa cha Rapa Nui (Kisiwa cha Pasaka), kilomita kama 3,500 magharibi ya pwani ya Chile, kina karibu moai 1,000, yaani sanamu kubwa za mawe zenye umbo la binadamu. Waliokuwa na historia yake kichwani waliangamizwa: mwaka 1862 na 1863 wateka watumwa kutoka Peru walichukua watu wapatao 1,500, ndui ikafuata, na kufikia 1877 wenyeji walikuwa 111 tu. Pengo hilo ndilo lililojazwa na nadharia za wageni.

Nadharia iliyovuma kuliko zote ni ya Thor Heyerdahl, msafiri na mtafiti wa Norwe, aliyesema wachongaji walitoka Amerika Kusini. Mwaka 1947 alisafiri kwa chelezo cha magogo ya balsa kutoka Callao, Peru, akafika Raroia, kisiwa cha Polinesia katika Pasifiki, baada ya siku 101. Akaongeza ushahidi wa viazi vitamu, matete ya totora kama yale ya ziwa Titicaca la Amerika Kusini, na ukuta wa Ahu Vinapu (ahu ni jukwaa la mawe la kusimamishia moai) ambao mawe yake yamebanana mithili ya kuta za Wainka wa Peru ya kale.

Asipuuzwe kwa haraka. Viazi vitamu kweli asili yake ni Amerika. Tena utafiti wa vinasaba uliotolewa mwaka 2024, kutoka mabaki ya Warapanui 15 wa zamani, ulikuta takriban asilimia 10 ya asili ya Amerika, iliyoingia kati ya 1250 na 1430. Watu wa pande hizo mbili walikutana, na wanaakiolojia waliokana hilo kabisa walikosea.

Lakini sehemu kubwa iliyobaki ya vinasaba hivyo ni ya Wapolinesia, na lugha ya kisiwa ni ya Kipolinesia. Chelezo chenyewe kilivutwa na meli kilomita kama 80 kutoka pwani kabla ya kuachwa kiende. Chavua ya totora imo kwenye tope la maziwa ya kisiwa tangu maelfu mengi ya miaka kabla ya binadamu kufika. Na ukuta wa Vinapu ni mabamba ya usoni yaliyoegemea kifusi, ilhali Wainka walijenga kwa mawe mazima. Kwa upande mwingine, majukwaa ya ibada na sanamu za mawe yapo Hiva Oa na Raivavae, visiwa vya Polinesia.

Kwangu, shahidi mkubwa ni machimbo ya Rano Raraku, ambako karibu moai 400 zimebaki katika kila hatua ya kazi. Mwamba wake ni majivu ya volkano yaliyogandamana, na zana ni toki, patasi za mkono za mawe ya basalti. Sanamu ilichongwa ikiwa imelala chali: uso na mbavu kwanza, kisha wakachimba chini hadi ibaki imeshikwa na ukingo mwembamba wa mgongoni. Ukingo ukikatwa, iliteremshwa kwa kamba hadi shimoni, ikasimama, na mgongo ukamaliziwa hapo. Matundu ya macho yalichimbwa baada tu ya kufika kwenye ahu. Patasi ikikutana na bonge gumu ndani ya mwamba, kazi ya miezi iliweza kuachwa. Huu ni ufundi uliokua papo hapo, kwa majaribio na hasara.

Ubishi wa kweli uliobaki ni wa usafirishaji. Wengine wanasema zilivutwa zikiwa zimelazwa juu ya magogo. Wengine kwamba zilitembezwa wima, zikiyumbishwa kwa kamba kulia na kushoto. Mwaka 2012 watu 18 wenye kamba tatu walitembeza nakala ya tani 4.35 mita 100 kwa dakika 40. Moai zilizoachwa njiani zinawaunga mkono wanaosema zilitembezwa: vitako vyake ni vipana na zimeinamia mbele, na nyingi zilizoanguka kwenye mteremko zimelalia uso, zile za kwenye mwinuko zimelalia mgongo. Ila jaribio la 1986 kwa moai halisi ya tani kama 9 lilisimamishwa kwa kuwa kitako kilianza kumeguka. Naegemea upande wa kutembeza, kwa sanamu za wastani. Kwa Paro, moai yenye urefu wa karibu mita 10 na uzito wa tani zaidi ya 80, hakuna jaribio lililokaribia uzito huo, na mwamba laini unaomeguka chini ya tani 9 unadai maelezo kabla hatujakubali kwamba nayo ilitembea.