Mgongo wazi na kesi dhidi ya ukoo wa mama

"Kwetu hatujawahi kuzaa hivi." Huku Kanda ya Ziwa kauli hiyo ya wakwe, kwenye vikao vya ukoo, humwangukia mama aliyempeleka mtoto hospitali ya Bugando, Mwanza, akiwa na uvimbe mgongoni au kichwa kinachojaa maji, dalili za mgongo wazi. Ujumbe unaeleweka: kasoro imetoka kwenu. Na sayansi ya jeni, ukiisikiliza nusunusu, utadhani inakubali.

Si uongo mtupu. Aliyekwisha kuzaa mtoto wa mgongo wazi ana hatari kubwa kuliko wenzake ya kupata mwingine, na jeni zinazosimamia matumizi ya foleti (vitamini ya kundi B) mwilini hutofautiana kati ya mtu na mtu. Ila nusu ya jeni za mtoto ni za baba, na kwenye vikao hivyo ukoo wa baba hauguswi.

Tuingie tumboni. Seli zote za kiinitete zina jeni zilezile. Kinachozitofautisha ni ishara zinazopokea kutoka kwa majirani. Bapa la neva, tabaka la seli litakalokuwa ubongo na uti wa mgongo, linapojikunja kuwa mrija, chini yake ipo kamba ya seli, notokodi, inayotoa protini iitwayo Sonic hedgehog (ndiyo, yule kalunguyeye wa mchezo wa kompyuta, wanasayansi nao wana utani wao). Seli za upande huo huelekea kuwa neva za kuendesha misuli. Za juu hupata protini nyingine kutoka kwenye ngozi changa, zikashughulikia hisia. Huku hayo yakiendelea, kingo za bapa hupanda, hukutana, hufunga; zisipofunga upande wa mgongoni, huo ndio mgongo wazi. Seli zinagawanyika kwa kasi, na kunakili DNA kunahitaji foleti.

Kazi hiyo huisha siku ya 28 hivi tangu mimba kutungwa. Siku 28! Hedhi imechelewa wiki mbili tu, wengi hata hawajapima. Mama anayeanza kliniki mimba ikiwa na miezi minne anapewa vidonge vya kuongeza damu, vyenye asidi ya foliki (foleti ya kutengenezwa) ndani yake, na vinamsaidia kwa mengine, lakini mrija ulishafunga au ulishashindwa kufunga.

Mwaka 1991 Uingereza ilitangaza matokeo ya jaribio lililofanyika katika nchi kadhaa kwa wanawake ambao tayari walishapata mimba yenye kasoro hii. Kati ya mimba 1,195 zilizofuatiliwa hadi mwisho, 27 zilipata kasoro tena: 21 kwa wasiopewa asidi ya foliki, 6 kwa waliopewa, na makundi yalikaribiana kwa ukubwa. Kidonge hakikubadilisha jeni ya mtu. Hata kwa wasiokipata, mimba zaidi ya 570 zilikwenda bila kasoro hiyo, kwa wanawake walewale ambao kikao kingesema wana mkosi. Zile 6 tuwaachie wanaotetea jeni, maana zipo kasoro ambazo foliki haizizuii.

Kuna pia suala la unga. Tangu 2011 kanuni za Tanzania zinadai viwanda vikubwa viongeze virutubisho, asidi ya foliki ikiwemo, lakini dona ya mashine ya mtaani pale Igoma na udaga (muhogo mkavu) wa kijijini mara nyingi havina nyongeza hiyo. Nani amewahi kuulizwa kikaoni anasaga wapi?

Katika jaribio lile dozi ilikuwa miligramu 4 kwa siku, ikianza kabla ya mimba. Ni jambo la kumuuliza daktari siku mtoto anaporuhusiwa wodini, baba akiwepo.