Vikaratasi vya Fundi

Kosa langu lilikuwa kufungua madirisha yote mawili kwa mkupuo. Aliyewahi kuishi Dodoma mwezi wa nane ananielewa. Dirisha moja unafungua upate hewa. Ukifungua mawili yanayotazamana, umeuita upepo uingie ukufanyie usafi unavyotaka wenyewe.

Karakana ya Fundi, aliyekuwa akitengeneza vyombo vya muziki, ni chumba kimoja cha uani, huko Chang'ombe, na kilikuwa hakijafunguliwa tangu tumzike. Zilikuwa zimebaki siku mbili arobaini yake itimie. Shangazi, dada yake Fundi, mwalimu mkuu mstaafu ambaye hata mbwa wa mtaa wakimwona wanapanga mstari, alinipa kazi moja tu.

"Wewe si ndiye mwanafunzi wake? Basi visafishe vyombo vya watu. Siku ya arobaini kila mtu achukue chake, marehemu apumzike."

Hilo neno "mwanafunzi" nililianzisha mwenyewe, na nililitangaza sana, hasa mbele ya wasichana wa kwaya. Ukweli ni kwamba kwa miaka minne nilimshikia Fundi tochi, nikafagia na kufuata chai. Kazi ya ufundi niliigusa mara moja, na hiyo mara moja mtaa mzima uliijua.

Mzee mmoja alileta ilimba yake, ile marimba ya Kigogo ya kupiga kwa vidole gumba. Fundi akatoka kwenda kutafuta gundi. Mimi nikaona kuna tandabui limeziba tundu la kisanduku, nikasikitika kwamba watu hawatunzi vitu, nikalikwangua kwa ukucha na kumalizia na kitambaa chenye maji. Fundi aliporudi aliigusa mara moja akanyamaza. Ilimba ilikuwa imebaki na sauti ya vijiko kabatini. Kumbe ule utando unatoka kwenye kifuko cha mayai ya buibui na unabandikwa pale makusudi. Ndio unaotoa ule mvumo, kama nyuki aliyefungiwa kwenye debe. Hiyo ndiyo sauti aliyoizungusha dunia mwanamuziki Hukwe Zawose, mtu wa huku huku kwetu, mpaka alipofariki mwaka 2003, na mimi nilikuwa nimeipangusa kama vumbi la meza. Siku mbili tulizunguka kwenye vyoo vya majirani kutafuta buibui, yeye na tochi, mimi na stuli. Watu wakiuliza tumepoteza nini, Fundi anajibu, "Sauti. Kijana ameimwaga."

Hakunifukuza. Aliniambia tu kwamba kuanzia siku ile nisipanguse kitu chochote.

Mwenyewe alikuwa mpigaji, na si wa gitaa hili mnalolijua. Alipiga gitaa la Havai, ambalo hapa mtaani liliitwa gitaa la kulala. Unalilaza mapajani, unaliinamia kama mama anayechagua mchele kwenye ungo. Nyuzi zimenyanyuliwa juu, kidole hakizikandamizi. Mkono wa kushoto unashika kipande cha chuma na kukitelezesha juu yake, basi sauti haipandi ngazi, inateleza kutoka noti hadi noti kama mtu anayelia kwa adabu. Watu wa visiwa vya Havai ndio walioanza mtindo huo mwishoni mwa karne ya 19. Fundi aliudaka kwenye santuri za Kongo za mpiga gitaa Dr Nico, akiwa kijana, na kwa kuwa gitaa lenyewe hakuliona dukani popote, akajitengenezea. Ubao wa mninga, nyuzi nane, vikazio vya kufungia nyuzi kutoka kwenye magitaa yaliyokufa, na kipande cha engo ya dirisha cha kuzinyanyulia. Sumaku aliizungushia waya mwembamba kwa mkono, raundi kwa raundi, huku akinikataza kumsemesha asije akapoteza hesabu. Na kile chuma cha kutelezesha kilikuwa pini ya pistoni ya lori, nzito, nene kama kidole gumba, imeng'aa mpaka unaweza kujinyolea ndevu ndani yake.

Wateja hawakukosekana. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa nguvu, baada ya tangazo la mwaka 2016, magitaa ya watumishi nayo yalihama kutoka Dar es Salaam. Mbao zilizozoea unyevu wa pwani zikafika huku kwetu, ambako mvua ikikatika mwezi wa nne inaonekana tena Desemba ikipenda. Zikasinyaa. Vile vyuma vya shingoni vikachomoza ncha pembeni vikawa vinachana vidole, na tumbo likapasuka kama kisigino. Fundi alikuwa akililaza gitaa la namna hiyo mezani, analipapasa, anasema, "Pole. Na wewe wamekuhamisha bila posho." Kisha anachukua kisanduku cha sabuni, anakitoboa matundu, anaweka ndani sponji yenye unyevu na kukilaza kwenye begi pamoja na gitaa, mbao ipate kunywa kidogo kidogo. Kuna waliodhani ni uganga, na hakuwasahihisha, maana waganga wanalipwa haraka.

Sasa turudi kwenye madirisha.

Fundi hakuwa na daftari. Alichana gamba la daftari au pakiti ya unga, akaandika ubovu wa chombo, deni, na maoni yake kuhusu mwenye chombo, kisha akakichomeka kikaratasi chini ya nyuzi. Majina hakuandika. Alisema jina halikusaidii kumdai mtu, kinachosaidia ni kuijua tabia yake. Vyombo vilikuwa vimeegemea ukutani, vikaratasi 17, kila kimoja mahali pake. Nikafungua dirisha la kwanza. Nikafungua la pili. Nikasikia fwaa, vikaratasi vyote vikainuka kama kumbikumbi na kutoka nje kabla yangu.

Vingine nilivikuta kwenye banda la kuku la jirani. Kimoja kuku alikuwa amekitafuna nusu, kimebaki kinasema "huyu asipewe". Jumla nikapata 14.

Mtu mwenye akili angekwenda kumwambia Shangazi. Mimi nilikaa chini nikavigawa kwa makadirio. Nikisoma kikaratasi, naangalia vyombo, naona kile kinachofanana na maneno. Na ili upepo usirudie, nikavibandika kwa gundi ya mbao.

Arobaini ikafika. Turubai, viti vya plastiki, masufuria mawili ya pilau, mchungaji, wazee wa kanisa, kwaya, na wanamuziki wa baa waliokaa nyuma kabisa karibu na masufuria. Baada ya ibada Shangazi akasimama. "Mbukwenyi!" akasalimu kwa Kigogo. Watu wakaitikia. Akatangaza kwamba vyombo vitatolewa mbele ya mashahidi, na kwa kuwa kaka yake aliacha maandishi, atayasoma. Nilimwambia kwa sauti ya chini, "Shangazi, si lazima kusoma." Akanitazama kwa yale macho ya gwaride la asubuhi.

Cha kwanza kilikuwa gitaa la mwalimu wa kwaya. Akaja mbele na suti yake, mikono imekunjwa kifuani. Shangazi akavaa miwani.

"Nyuzi zimeoza kwa bia. Mwenyewe naye anaelekea huko huko."

Kimya. Kwaya nzima iliangalia chini, ila sauti ya pili walikuwa wanatikisika mabega. Mwalimu alijaribu kukibandua kikaratasi, lakini gundi ile naifahamu, ingetoka na rangi ya gitaa. Mpiga solo wa baa, mwenye maneno yake, alikuwa amesimama kule nyuma kumwangalia mwalimu kwa heshima mpya kabisa.

Shangazi akaendelea. Yule mama akianza kusoma, anasoma mpaka nukta ya mwisho. Ikaja amplifaya ya huyo huyo mpiga solo. "Mtumishi wa Mungu. Asidaiwe hata senti moja." Jamaa akasema "Amina", akaikumbatia amplifaya yake akatoka nayo getini kabla ya pilau, jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani.

Ikafuata spika ya mama mwenye mgahawa. Ana wateja wengi, na wengi wao walikuwa chini ya lile turubai. "Nimetoa mende 31 wazima. Kwake sijui pakoje." Mama wa watu akaapa kwamba spika haijawahi kuingia jikoni. Mzee mmoja akauliza, kwa kunong'ona kwa kizee, yaani kwa kupaza sauti, kama hilo pilau nani amelipika.

Bwana mmoja wa wizarani alipoitwa nilifumba macho. "Gitaa zima. Anayehitaji matengenezo ni yeye. Nimechukua 5,000 ya kumsikiliza." Watu wakacheka, na yeye akacheka nao, akiamini kabisa kwamba hicho nacho ni cha mtu mwingine. Katika vyote 14, hicho peke yake ndicho nilichokipatia.

Hapo mchungaji alikuwa ameshaelewa. "Kijana," akasema, "nani aliyebandika hivi vitu?" Nikajibu kwamba kuna upepo. Shangazi akavua miwani polepole, akanyoosha kidole kwenye kitu cha mwisho mezani, gitaa la Fundi mwenyewe. "Hiki nacho ni upepo?"

Hicho hakikuwa upepo. Kilikuwa kimefungwa kwa uzi wa gitaa, raundi tatu, hakikutikisika hata siku ile. Na mimi ratiba nzima nilijua kwamba hapo ndipo ningeitwa kupiga wimbo wa kumwombolezea mwalimu wangu, maana nilikuwa nimeahidi. Shangazi akasoma:

"Haliuzwi. Haliazimwi. Kijana asilishike, atalipangusa."

Na nilikuwa nimeshalipangusa. Jana yake. Nyuzi nilikuwa nimezipaka mafuta ya kupikia ili ziwake kwenye picha.

"Lipige hivyo hivyo," wakapiga kelele sauti ya pili, ambao sijui niliwakosea nini. Nikakaa, nikalilaza mapajani, nikanyoosha mkono wa kushoto kutafuta chuma. Hakipo. Nikaangalia chini ya meza, mfukoni. Mke wa Fundi, ambaye sote tunamwita Mama, akatokea jikoni na kanga yake kiunoni, akakifuta kitu kwenye pindo na kunipa. "Nilikiazima kidogo, mwanangu. Hakuna kinachoponda kitunguu saumu kama hiki."

Sasa chukua pini ya pistoni yenye utelezi wa kitunguu saumu, uiweke juu ya nyuzi zenye mafuta ya alizeti. Fundi alikuwa akisema chuma kikae juu ya mstari wenyewe wa noti, si nyuma yake kama kidole cha gitaa la kawaida. Mimi sikupata nafasi ya kuchagua mstari. Niligonga noti ya kwanza, chuma kikachomoka kikapanda shingo yote, sauti ikapanda nacho ikawa ya mbuzi anayevutwa sikio. Mbuzi wa jirani akaitika. Chuma kikaruka, kikatua sakafuni, kikabingirika chini ya viti vya wazee wa kanisa, kwa utulivu, mpaka kwenye kiatu cha mchungaji. Akakiokota, akakinusa.

"Kinanuka vizuri," akasema.

Mama akanyoosha mkono. "Naomba, Baba Mchungaji. Sufuria la pili linangoja."

Kesho yake asubuhi nilikuwa karakanani nakwangua gundi kwa kiwembe. Mwalimu wa kwaya akaja, bila suti. Nikamwamkia, akaitikia kwa mbali, akazunguka zunguka, akagusa hiki na kile, mwishowe akasema anataka kujua kikaratasi chake hasa kilikuwa kipi. Nilikuwa nimeshakibandua kwenye besi ya vijana wa Kizota, nikampa. Kilisema: "Jeki imelegea. Deni 15,000. Ukimdai atasema Jumapili."

Alikisoma mara mbili, akakikunja, akakitia mfuko wa shati.

"Basi sawa," akasema. "Jumapili nitakuja nayo."