Fungueni Hicho Chumba cha Kompyuta

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye kikao cha wazazi, sekondari ya kata anakosoma binti yangu. Saa nzima iliishia kwenye chakula cha mchana. Tukagusia mlinzi, tukagusia mtihani wa kidato cha pili, tukafunga. Wakati wa kutoka nikapita kwenye chumba chenye nondo dirishani, nikachungulia. Kompyuta kumi na mbili mezani, skrini bado zimevaa nailoni ya dukani. Kufuli la mlangoni limeanza kutu.

"Humu mnaingia lini?" nikamuuliza binti yangu.

"Baba, tuliingia siku ile alipokuja mgeni rasmi."

Tangu hapo sijatulia.

Wananchi wa mtaa huu hawajawahi kuikimbia shule. Sekondari za kata ziliposambaa kuanzia 2006, watu walisomba mchanga na kufyatua tofali. Mwaka 2014, Rais Kikwete alipozisukuma kata zote zikamilishe maabara tatu, ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia, mwenyekiti wa mtaa alipita mlango kwa mlango na daftari lake. Tulinung'unika, tukatoa. Lakini hakuna aliyeuliza maabara ni ya nini. Kila mzazi alishamwona mwanawe amevaa koti jeupe.

Ukimtajia mzazi huyohuyo kompyuta, anawaza steshenari: kuchapa barua, kutoa kopi, kujaza fomu za mkopo. Kwa nini atoe hela yake ili mtoto ajifunze kuchapa? Hatujamweleza. Zile mashine zilishushwa kwenye gari, zikapigwa picha, zikafungiwa, na yeye hakuhusishwa hata kidogo. Ndiyo maana hakuna mzazi hata mmoja aliyesimama kikaoni kudai ufunguo. Hilo linaniuma kuliko kutu ya kufuli, maana hata mimi sikusimama.

Mwaka jana nilishuhudia jambo katika shule ya msingi ya jirani. Mwalimu wa hesabu alichora miraba kwa chokaa chini ya mwembe. Mtoto mmoja kafungwa kitambaa machoni, mwenzake anamsomea maagizo kwenye karatasi: hatua tatu mbele, geuka kulia, hatua mbili. Akajikwaa kwenye tofali. Darasa zima likarudi kwenye karatasi, mstari kwa mstari, mpaka wakagundua palipoandikwa kulia palipaswa kuandikwa kushoto. Wakarekebisha, wakaanza upya. Mama mmoja muuza mihogo aliweka karai chini akatazama, kisha akasema, "Na mkianzia upande ule, hayo maagizo yatafaa?" Mwalimu akamwambia, "Mama, hilo ndilo somo lenyewe la kesho."

Hakukuwa na umeme pale, wala mashine, ila somo la kompyuta ndilo hilo: kuiandikia mashine maagizo ya kufuata hatua kwa hatua. Kulikuwa na watoto wanaojifunza kutoa maagizo yasiyo na utata na kuwinda kosa bila kukata tamaa, na mama aliyeelewa ndani ya dakika kumi. Mama yule ukimwomba mia tano ya umeme wa LUKU wa chumba cha kompyuta, atakupa.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mkuu wa shule ana hofu ya haki. Zikiibwa, ni yeye atakayeandika maelezo polisi. Na walimu ni wachache. Lakini stendi yetu ina mafundi simu wanaofungua na kufunga vifaa kutwa nzima, na likizo ikifika vijana wa vyuo wanajaa mtaani wakitafuta cha kufanya. Nani amewahi kuwaita? Elimu bila ada ya 2016 ilitupunguzia mzigo mkubwa, lakini wengi wetu tuliachia na mikono. Mtaala mpya ulianza Januari 2024, na sisi bado tunasubiri mtu wa kutoka wizarani aje kufungua mlango.

Nimeshamwandikia mwenyekiti wa bodi. Nimeomba kikao kijacho kianze uwanjani, si ukumbini: wanafunzi wachore miraba, wazazi tuandike maagizo, kisha twende pamoja kwenye kile chumba, nailoni zitolewe mbele yetu na tupange zamu za ulinzi na hela ya umeme. Chokaa nitaleta mimi. Binti yangu ameniambia anayefungwa kitambaa atakuwa yeye, mradi maagizo niandike mimi.