Kabla ya leza usoni: ngozi nyeusi, jua la Ziwa na mkorogo

Mtu wa Mwanza anayefikiria kufanyiwa leza ya uso hukutana na kauli mbili zinazopingana. Ya kwanza inasema ngozi nyeusi na leza haviendani kabisa, utaungua ubaki na mabaka. Ya pili, ambayo hutoka zaidi kwa wauza huduma, inasema leza za siku hizi hazina madhara, unaingia na madoa unatoka unang'aa. Zote mbili zina ukweli nusu, na ukweli nusu juu ya uso wa mtu ni jambo la hatari. Leza si kitu kimoja, na wanaoitafuta hawana shida moja.

Kauli ya kwanza ina historia yake. Leza hutoa mwanga wa wimbi maalumu, na mwanga huo hugeuka joto unapokutana na kitu kinachoufyonza. Mwaka 1983 Rox Anderson na John Parrish, watafiti wa Marekani, walieleza namna ya kuchagua wimbi na muda wa kila pigo la mwanga ili joto liishie kwenye kile kinacholengwa, ngozi ya pembeni isidhurike. Kwetu ugumu ni kwamba melanini, rangi inayotufanya weusi, nayo hufyonza mwanga, na imetanda ngozi nzima. Mashine ya wimbi fupi inayotafuta doa au unywele huikuta kwanza ngozi yenyewe, na malengelenge huanzia hapo. Hata kipimo cha aina za ngozi ambacho wataalamu hukitumia kupanga nguvu ya mashine, alichokibuni Thomas Fitzpatrick mwaka 1975, mwanzoni kilihusu ngozi nyeupe tu na kilikuwa na madaraja 4. Ngozi za kahawia na nyeusi, yaani daraja la 5 na la 6, ziliongezwa baadaye. Waliotuonya walikuwa na sababu.

Ila teknolojia haikubaki palepale. Leza ya Nd:YAG, yenye wimbi la nanomita 1064, huzama ndani zaidi, na melanini huifyonza kidogo kuliko zile za nanomita 694 au 755. Mwaka 2004 ikaelezwa njia ya kupiga nukta ndogondogo zenye nafasi kati yake badala ya kuunguza uso mzima, ili sehemu isiyoguswa isaidie kuponya iliyoguswa. Kwa hiyo mwanaume mwenye vipele vya ndevu, ambaye kila akinyoa shingo inavimba na kuacha weusi, ana hoja nzuri ya kufanya Nd:YAG, kwa kuwa inadhoofisha mzizi wa ule unywele unaojikunja na kurudi ndani ya ngozi. Mwenye mashimo ya chunusi zilizokwisha kupona naye ana hoja, mradi ajue kwamba mashimo hupungua, hayafutiki, na itabidi arudi mara kadhaa. Mwenye makovu yanayovimba na kukua kupita jeraha lenyewe, yeye au ndugu zake wa damu, aseme mapema sana, maana kila kidonda kipya kwake ni hatari.

Melasma ni habari nyingine. Mabaka hayo ya mashavuni na kwenye paji la uso, ambayo kina mama wengi huyapata wakati wa ujauzito au wakitumia vidonge vya uzazi wa mpango, huchochewa na homoni, jua na joto. Leza ni joto. Mabaka yanaweza kufifia kwa muda kisha yakarudi meusi kuliko mwanzo. Na anayetaka tu rangi yake ipungue, mimi namshauri asifanye. Hana ugonjwa wa kutibiwa, na anaweka rehani ngozi nzima.

Nauona mkorogo kuwa jambo zito kuliko mashine, na ndilo watu hulificha. Creamu za kujichubua zinazochanganywa vichochoroni zinaweza kuwa na zebaki, haidrokwinoni au steroidi kali. Steroidi hukondesha ngozi na kuchelewesha kupona. Haidrokwinoni ikitumika kwa muda mrefu inaweza kuleta weusi wenye rangi ya bluu ambao hauondoki kirahisi kwa dawa yoyote. Zebaki hudhuru figo. Sasa mtu huyo huyo, uso ukiwa umeshaharibika, anaenda kutafuta leza imwondolee madhara ya creamu, na akiulizwa anatumia nini anajibu "mafuta ya kawaida tu." Namwelewa, aibu ni kubwa. Lakini mtoa huduma anapanga nguvu ya mwanga kwa ngozi anayodhani ni nzima. Dada yangu, mpeleke daktari kopo lenyewe. Kama huna kopo, mwambie umepaka nini, tangu lini, na uliacha lini. Anayestahili kukuhudumia hatakucheka. Ataahirisha leza na kuanza kuitibu ngozi.

Vivyo hivyo kwa dawa nyingine. Kwa miaka mingi, waliokunywa isotretinoini kwa ajili ya chunusi walielekezwa kusubiri miezi 6 kabla ya leza yoyote. Mwaka 2017 wataalamu wa Marekani walilegeza sharti hilo kwa leza zisizoondoa tabaka la juu, wakabakiza tahadhari kwa zile zinazokwangua uso mzima. Anayetokwa na vidonda vya homa mdomoni naye aseme, kwa sababu leza ya kukwangua inaweza kuviamsha na kuvisambaza usoni. Daktari humpa dawa ya kuzuia virusi kabla.

Kisha kuna jua. Mwanza iko takriban nyuzi 2 na nusu kusini mwa Ikweta, na uso wa Ziwa Victoria uko mita zipatazo 1,134 juu ya bahari. Jua la hapa ni kali mwaka mzima, hatuna msimu wa kulikwepa. Maelekezo ya kawaida ni kuepuka jua wiki kadhaa kabla na baada ya leza. Mfanyakazi wa ofisini anaweza. Anayeanika dagaa, dereva wa bodaboda au mvuvi atayatimizaje, hasa mvuvi anayepigwa na jua la juu na lile linalorudi kutoka majini? Kwa watu hawa naona jibu la kweli ni kuahirisha mpaka wapate nafasi ya kukaa kivulini. Na kwa ngozi nyeusi, hata mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho huongeza mabaka, hivyo kinga ya jua ya kupaka yenye rangi, iliyotiwa oksidi ya chuma, husaidia kuliko ile isiyo na rangi.

Watu wenye ualbino nawataja peke yao. Kidonda kisichopona au doa linalobadilika kichunguzwe na daktari wa ngozi kwanza, kisipigwe leza ya urembo kamwe, kwa sababu kinaweza kuwa saratani.

Kwa mtoa huduma, uliza jina la mashine na wimbi lake. Mwombe picha za wateja wake wenye rangi kama yako. Omba ajaribu sehemu ndogo, tuseme nyuma ya taya, kisha usubiri wiki kadhaa, maana weusi unaofuata jeraha hautokei kesho yake. Macho yafunikwe kwa miwani inayolingana na wimbi la mashine hiyo. Daktari awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Kumbuka pia kwamba tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, Shirika la Viwango, wakati vifaa tiba vimebaki TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, kwa hiyo kibali cha kuuza creamu hakimpi mtu ruhusa ya kukupiga leza.

Na kama fedha uliyonayo inatosha mara moja tu, usianze. Nenda nayo kwa daktari wa ngozi, Bugando au hospitali nyingine, ukatibiwe chunusi zenyewe kwa dawa za kupaka kama adapaleni au asidi ya azelaiki, na ununue kinga ya jua ya miezi kadhaa. Madoa mengi ya chunusi hufifia yenyewe polepole pale chunusi mpya zinapokoma na jua linapozuiwa.