Bango ukutani si mradi

Nimesoma makala ya elimu ambayo mwandishi wake anasema mradi wa kikundi shuleni kuhusu haki katika jamii humfundisha mtoto pia huruma na kuzimudu hisia zake. Nakubali, ila kwa sharti. Miradi mingi huishia kwenye bango la rangi ukutani: mmoja kachora, wanne wamesimama kupigwa picha. Haki iko wapi hapo, hata ndani ya kikundi chenyewe?

Chukueni suala la mwanafunzi anayetumia kiti cha magurudumu. Wenzake wapime njia za shule. Kipimo kinachotumika sana kwa njia ya mteremko ni 1 kwa 12, yaani ngazi zenye kimo cha sentimita 50 zinahitaji mteremko wa mita 6. Hapo kuna hesabu za uwiano, kuna bajeti, kuna barua ya kumwandikia mkuu wa shule. Na kabla ya yote wamuulize mwenyewe anataka nini, wasimwamulie (hili husahaulika mno!). Wakigombania futi kamba, mwalimu asikimbilie kuamua. Somo la hisia ndilo hilo.

Kilpatrick, mtaalamu wa elimu wa Marekani, aliandika kuhusu mbinu ya miradi tangu 1918, kwa hiyo tusiambiwe ni jambo jipya. Kinachokwamisha ni muda na alama. Mtihani ukibaki wa kukariri, mwalimu ataubana mradi uishe upesi, na mkuu akiijibu ile barua kwa "tutaangalia", hakutakuwa na kipindi cha kuwafundisha watoto wafanye nini baada ya hapo.