"Mungu kaumbwa na nani?" halimgusi Aquinas

Kila mjadala wa kama Mungu yupo lazima atokee mtu aulize "haya, kama kila kitu kina chanzo, Mungu naye kaumbwa na nani?" halafu anakaa pembeni kama kashamaliza kazi. Bertrand Russell mwenyewe, mwanafalsafa Mwingereza asiyeamini Mungu, aliitumia hoja hiyo kwenye mhadhara wake wa 1927, kwa hiyo sio swali la kitoto. Ila Thomas Aquinas, yule padri wa karne ya 13, hakusema kila kitu kina chanzo. Alisema kinachobadilika kinabadilishwa na kingine, na mlolongo huo lazima ufike kwa kisichobadilishwa na chochote, ambacho ndicho Mungu.

Na hapa ndo pananoga, Aquinas alikubali kabisa kwamba kwa akili peke yake huwezi kuthibitisha ulimwengu ulikuwa na mwanzo, hilo aliliweka kwenye imani. Sasa mtu wa hivyo atajengaje hoja juu ya msukumo uliotokea zamani sana? Anaongelea sasa hivi. Chukulia naomba kuazima shuka kwako, wewe huna, unaenda kuazima kwa jirani, jirani naye kwa mwingine, kama wote ni waazimaji basi hata foleni isipokuwa na mwisho mi usiku huu nalala na baridi. Lazima awepo mwenye shuka lake. Kwa hiyo hata wanasayansi waje kesho waseme ulimwengu haukuanza, hoja iko palepale, na wakisema ulianza haiongezeki nguvu. Georges Lemaître, padri aliyekuwa nyuma ya nadharia ya Mlipuko Mkubwa (Big Bang) kuhusu ulimwengu ulivyoanza, hakupenda Papa Pius XII alipoihusisha na uumbaji mwaka 1951. Padri huyo jamani!

Wapinzani nao wana lao. Russell alipojadiliana na padri Copleston kwenye redio ya BBC mwaka 1948 alisema ulimwengu upo tu, basi. Mi naona hapo amelikwepa swali, ingawa David Hume, mwanafalsafa wa karne ya 18, alishasema kabla yake kwamba ukieleza kila kipande umeeleza na jumla yake, na hiyo sio rahisi kuipangua.

Panapobana kweli ni kwingine: mwenye shuka bado sio Baba anayesikia sala. Aquinas anaendelea kurasa nyingi kujaribu kufika huko, na kuhusu Utatu anakiri wazi kwamba akili tupu haifiki.